Viatu Vimegawiwa, Funza Wako Palepale

Kila inapokaribia tarehe 3 Machi, Siku ya Kitaifa ya Funza hapa Kenya, simu yangu hujaa ujumbe wa watu wema. Kwaya ya kanisa fulani, chama cha akina mama wa Mombasa, mtu na shemeji yake walioko Nairobi: wote wanataka kuleta viatu. Wananiuliza saizi. Wananiuliza watoto ni wangapi na kama kuna mahali pa kuegesha basi. Sijapata bado wa kuniuliza watoto hao wanalala juu ya nini.

Mimi ni muuguzi. Nilianzia kazi Murang'a, kwenye baridi ya miteremko ya Aberdare, kisha nikarudi nyumbani Pwani, na sasa niko katika zahanati ya upande wa bara wa Kaunti ya Kilifi. Kwa macho ya mgeni, sehemu hizi mbili hazina undugu wowote. Kule ni udongo mwekundu, migomba na majani chai, na asubuhi unavaa sweta juu ya sweta. Huku ni mchanga, mikorosho na minazi, na saa saba ya mchana hata mbuzi wanagombea kivuli. Lakini funza wako kule na wako huku. Ukishashika miguu ya watu wa sehemu zote mbili, na ukaingia nyumbani mwao, unaacha kuamini kwamba funza ni ugonjwa wa joto, au wa mchanga, au wa kabila fulani. Ni ugonjwa wa sakafu. Hilo ndilo nililokuja kusema leo, na nitalisema kwa kirefu kwa sababu nimechoka kulisema kwa ufupi kwenye simu.

Nianze na alikotoka. Funza si mwenyeji wa Afrika. Kwao ni Amerika ya Kusini na visiwa vya Karibi, na mabaharia wa Columbus ni miongoni mwa Wazungu wa kwanza kuonja adha yake. Masimulizi yanayokubaliwa na wengi ni kwamba alivuka bahari mwaka 1872 ndani ya meli iliyoitwa Thomas Mitchell, iliyotoka Rio de Janeiro kwenda Ambriz, Angola, ikiwa imejazwa mchanga wa kuipa uzito. Mchanga ukamwagwa ufuoni na funza wakashuka nao. Kutoka hapo walikatiza bara zima kwa miguu ya watu: wapagazi, askari, misafara ya biashara. Kabla ya karne ya 19 kuisha walikuwa wameshafika upande wetu wa Bahari ya Hindi.

Ndiyo maana mzee akiniambia kwamba funza wa boma fulani ni wa kurogwa, laana ya ukoo tangu enzi za mababu, mimi hupiga hesabu kimoyomoyo. Mababu wa mababu hao hawakuwahi kumwona funza. Kama kuna aliyelaani, alilaani kwa meli ya mizigo.

Leo yuko katika sehemu nyingi za Afrika kusini mwa Sahara. Hapa Kenya majina yanayojirudia ni Murang'a, Kakamega, Busia, Homa Bay, Kilifi na Kwale. Uganda utasikia Busoga na Karamoja. Tanzania, uchunguzi uliofanywa Kasulu, mkoani Kigoma, ulikuta zaidi ya watu 4 kati ya 10 wanao. Hapa kwetu Kilifi, utafiti uliochapishwa mwaka 2017, ambao uliwachunguza watu zaidi ya 1,000 vijijini, ulikuta karibu mtu 1 kati ya 4. Mwaka huohuo wa 2017 Shirika la Afya Duniani liliuingiza upele pamoja na wadudu wengine wa ngozi, funza wakiwemo, kwenye orodha ya magonjwa ya kitropiki yaliyopuuzwa. Kupuuzwa kwenyewe kulikuwa kumeanza zamani.

Sasa, ramani ya kaunti ina udanganyifu wake. Inakuonyesha Kilifi yote imepakwa rangi moja, ukadhani mtoto wa mjini Malindi na mtoto wa ndani ndani huko Magarini wako hatarini sawasawa. Teremka hadi kijiji kimoja, ufuate njia moja ya miguu. Nyumba ya kwanza watoto wote wanachechemea. Nyumba ya pili, hatua chache tu, hakuna hata mmoja mwenye funza, na watoto wa nyumba zote mbili wanacheza pamoja kutwa nzima kwenye mchanga uleule, peku, wakifukuza mpira uleule wa matambara. Kwa nini? Nyumba ya pili kuna kijana anayefanya kazi bandarini, na Krismasi moja alileta saruji. Tofauti nyingine siioni. Maji wanateka silanga moja, yaani bwawa la maji ya mvua, shule ni moja, hata mbuzi wanachungwa pamoja.

Ukigawanya funza wa kijiji kwa idadi ya wanakijiji utapata wastani usiomhusu mtu yeyote. Wengi hawana kabisa, au wana wawili watatu ambao mama huwatoa jioni. Halafu kuna nyumba chache ambazo zimebeba mzigo wa kijiji kizima, mtu mmoja ana funza thelathini, hamsini, hadi huoni kucha imeanzia wapi. Nyumba hizo kila mtu anazijua. Ukimwuliza mzee wa mtaa atakupeleka moja kwa moja bila kufikiri.

Ili muelewe kwa nini nang'ang'ania sakafu, lazima mumjue mdudu mwenyewe. Anayetusumbua ni jike. Ni kiroboto mdogo kuliko viroboto wote mnaowajua, urefu wake ni milimita moja tu. Dume hunyonya damu akaenda zake. Jike akipata ngozi anayoipenda, kwa kawaida pembeni mwa kucha, chini ya vidole au kwenye kisigino, hujichimbia akitanguliza kichwa, na kubakiza nje ncha ya nyuma peke yake. Kwa ncha hiyo anapumua, ananyea, dume anamfuata hapohapo, na kwa ncha hiyo anatoa mayai. Ndani ya wiki moja hadi mbili tumbo limevimba kufikia punje ya mbaazi. Ukimulika kwa tochi utaona duara jeupe lenye nukta nyeusi katikati. Ligandamize kidogo kwa kidole, mara nyingine yai litachomoka mbele ya macho yako na kunata kwenye mistari ya ngozi. Mtu ambaye hajawahi kuliona hilo hudhani ni usaha.

Jike mmoja hutoa mayai zaidi ya 100 katika muda wa wiki mbili au tatu, kisha hufia humohumo ndani ya ngozi. Mayai yanaanguka chini. Siku tatu au nne baadaye yanaanguliwa, na buu anayetoka hana haja yoyote na mguu wa mtu. Yeye anaishi ndani ya vumbi, sentimita chache kutoka juu, akila takataka ndogondogo: magamba ya ngozi, nywele, makombo, mavi makavu ya kuku. Akishiba anajizungushia kifuko cha mchanga, na kutoka yai hadi kiroboto kamili ni kama wiki tatu au nne. Kiroboto huyo si mrukaji hodari. Inasemekana akijitahidi sana ni sentimita 20 hivi kwenda juu. Ndiyo maana karibu funza wote wako miguuni. Ukimkuta mtu ana funza kwenye viwiko, viganja au makalio, usiulize mengi: mtu huyo analala au anakaa chini muda mrefu.

Jiulizeni basi mayai yanaangukia wapi. Mguu ulio wazi, ulio mahali pamoja kwa saa nyingi mfululizo, ni mguu wa mtu aliyelala. Watafiti waliochota vumbi la sakafu na kulichunguza, Brazil na hapa Pwani pia, wameyapata mabuu ndani ya nyumba, hasa pale watu wanapolala. Kwa hiyo mtoto anayelala mkekani anadondosha mayai usiku, na wiki chache baadaye watoto wa mayai hayo wanamsubiri palepale chini ya mkeka. Hahitaji kwenda popote kuambukizwa.

Kuna chumba kimoja nakikumbuka vizuri. Kuta za udongo, paa la makuti, na hakuna dirisha. Mkeka umetandikwa pembeni, na chini yake udongo umechimbika kwa miaka ya kufagiwa hadi pamekuwa na bonde. Nilizamisha kidole kwenye vumbi la bonde lile, likafika kiungo cha kwanza. Laini, kavu, na lina vuguvugu. Upande wa pili wa chumba mbuzi wawili wamefungwa kwenye nguzo, kwa sababu wakilala nje wataibiwa. Kuku yuko juu ya mayai yake chini ya kitanda cha kamba. Mama mwenye nyumba alikuwa amefagia asubuhi ile. Niliona mistari ya ufagio. Kwa hiyo tafadhali, anayetaka kuniambia habari za uvivu na uchafu aende kwanza akachote maji na mama huyo.

Maji, ndiyo. Kunawa miguu kwa sabuni kila siku kunasaidia sana, na tafiti zinalithibitisha hilo. Lakini wakati wa kaskazi, kuanzia Desemba mpaka mvua za Aprili zikubali kunyesha, silanga hukauka na mtungi wa lita 20 unatafutwa kwa saa nyingi. Maji hayo ni ya kunywa na kupika ugali. Miguu ya watoto sita inakuja mwisho wa foleni, na sabuni inakuja baada ya miguu. Bahati mbaya kaskazi ndio msimu wa funza hasa. Vumbi likikauka mabuu wanastawi. Masika yakianza, ardhi ikalowa na kushikana, nami huona zahanati ikipungua wachechemeaji. Kila mwaka kuna mtu hujitangazia ushindi mwezi wa Juni kwa kampeni aliyoifanya Machi. Ni mvua hiyo, ndugu yangu.

Wanaopatikana zaidi ni watoto wa kati ya miaka 5 na 14, na wazee. Wavulana kidogo zaidi ya wasichana. Watu wa umri wa katikati wana mikono yenye nguvu, macho mazuri na aibu, basi huwatoa funza wao wenyewe mapema. Mzee hawezi. Kule Murang'a nilimtembelea babu aliyekuwa akiishi peke yake kwenye nyumba ya mbao, wanawe wote wako mijini. Macho yalikuwa yameingia ukungu na mgongo hauinami. Aliniambia, kwa heshima kabisa, kwamba miguu yake hakuwa ameiona muda mrefu. Visigino vilikuwa vimekuwa kitu kimoja cha kijivu, kigumu, chenye mashimo mashimo, na kucha mbili hazikuwepo. Alikuwa akitembea kwa kutumia upande wa nje wa nyayo. Majirani walimwita mlevi kwa mwendo ule. Na watoto wenye ulemavu ndio kabisa: anayetambaa anapata funza kwenye magoti na viganja, na hana wa kumsemea.

Wanyama nao wamo. Uganda, kwenye sehemu zinazofugwa nguruwe, nguruwe ndiye ghala kubwa. Kwetu Pwani ni mbwa, paka na mbuzi, na panya hawakosi. Mshike mbwa wa nyumba yenye funza, umgeuze mguu wa mbele, utazame katikati ya vile vinyayo vyake vyeusi: utaona duara zilezile nyeupe zenye nukta. Mbwa huyo analala mlangoni na kuingia ndani mvua ikinyesha. Unaweza kutibu familia nzima ukamsahau mbwa, halafu ukashangaa.

Sasa nirudi kwenye viatu, kwa sababu hapo ndipo ninapopata maadui.

Siku ya ugawaji mnaijua ilivyo. Hema limesimamishwa, viti vya plastiki mbele kwa waheshimiwa, kipaza sauti kinapiga kelele, na mabeseni yamepangwa yakiwa na maji ya zambarau, yaani pamanganeti ya potasiamu. Watoto wanaketi kwenye benchi, miguu ndani ya beseni, kamera zinasogea karibu kabisa na vidonda. Robo saa. Wanafutwa, wanavishwa raba za bei nafuu au ndala, wanapiga picha, wanapewa soda. Jua likishuka hema linafungwa, na watoto wanarudi kwenye mikeka yao. Miongozo ya Wizara ya Afya inataka dawa hiyo ya zambarau irudiwe kwa siku kadhaa. Nani anabaki kuirudia? Wahudumu wa afya ya jamii, bila beseni, bila dawa.

Siku moja ya namna hiyo hawe mmoja wa Kigiriama, yaani bibi kizee, aliviangalia viatu vyake vya plastiki, akavigeuza nyayo juu, akaniuliza: "Mwanangu, hivi ndo nilale navyo?" Hakuwa akifanya mzaha. Alivifunga kwenye leso, akaenda zake. Jumapili nilimwona navyo kanisani.

Kuna utafiti wa Madagascar uliochapishwa mwaka 2013 ambao ningependa ubandikwe kwenye kila basi la viatu. Wanakijiji waligawanywa makundi matatu: waliopewa viatu, waliopewa mafuta ya mimea ya kufukuza wadudu, yenye mafuta ya nazi ndani yake, wajipake miguuni asubuhi na jioni, na wasiopewa kitu. Kundi la mafuta karibu liachane kabisa na funza wapya. Kundi la viatu lilipata nafuu kidogo tu. Sababu haihitaji shahada: viatu havivaliwi muda wote. Mtoto anavihifadhi visichakae, au vinambana, au anavivua akiingia ndani, mahali ambapo mabuu wapo. Na mguu uliokwisha kuvimba hauingii kiatu hata ukitaka.

Sisemi viatu ni bure. Kwenda shule na kiatu ni jambo jema, kunazuia safura na miiba pia. Ninachosema ni kwamba viatu vinapigwa picha vizuri, saruji haipigiki picha.

Kuhusu tiba nina furaha kidogo ya kuwapa. Kuna mafuta yanayoitwa dimetikoni, mepesi, hayana rangi, yaleyale yanayotumika kuua chawa. Yanafanya kazi kwa kupenya kwenye matundu ya pumzi ya mdudu, basi unaweka matone juu ya ile nukta nyeusi na kuizunguka. Mwaka 2014 yalichapishwa matokeo ya jaribio lililofanywa hapahapa Kenya, na ninaupenda ujanja wake: kila mtoto mguu mmoja uliwekwa pamanganeti na mwingine ukawekwa dimetikoni, kwa hiyo mtoto alishindana na nafsi yake, nyumba ileile, vumbi lilelile. Baada ya siku saba, funza 78 kati ya kila 100 waliotibiwa kwa dimetikoni hawakuwa na dalili ya uhai. Kwenye mguu wa zambarau, 39. Karamoja, wilaya ya Napak, zaidi ya nusu ya watu walikuwa na funza, kisha ukaja mradi wa kuwatibu kwa dimetikoni kijiji baada ya kijiji, wakirudi kila baada ya muda, na idadi ikaporomoka. Inaeleweka: ukimuua jike kabla hajamaliza kutaga, umeipunguzia sakafu mbegu.

Tatizo ni kuyapata. Kabati la zahanati ninayofanyia kazi lina pamanganeti miezi fulani, na miezi mingine lina kufuli tu. Basi watu wanarudi kwenye pini, au mwiba wa mlimau. Mama anakaa na watoto jioni, anatoboa mmoja mmoja, pini ileile kutoka kwa mkubwa mpaka kwa mdogo, na jirani akija anaazimwa. Funza akipasuka nusu ikabaki ndani, kidonda kinaoza. Pepopunda anaweza kupita hapo, na kwa pini ya kushirikiana hata virusi vya homa ya ini au Ukimwi. Nawaambia akina mama: kama ni lazima utoe, chemsha sindano, kila mtu na yake. Wananiangalia kwa upole. Sindano yenyewe ni moja nyumbani.

Shuleni ndiko kunakoniuma zaidi. Mwalimu mkuu wa shule moja, nisiyoitaja, alikuwa akiwarudisha nyumbani watoto wenye funza hadi "wawe safi". Nilikwenda kumwona. Tulikaa ofisini mwake, sakafu ya saruji iliyopakwa rangi nyekundu, ikang'aa. Kisha nikamwomba tutembee hadi darasa la chekechea. Sakafu ni vumbi tupu, na watoto wanakaa chini kwa sababu madawati hayajafika huko. Tulisimama mlangoni hapo muda. Ni mtu mwelewa, tangu siku hiyo darasa hunyunyizwa maji kabla ya kufagiwa, na hakuna anayefukuzwa. Madawati bado.

Hesabu ya saruji nimeifanya na fundi wa kijiji. Chumba cha mita 3 kwa 3, sakafu unene wa sentimita 5, ni chini ya nusu mita ya ujazo ya zege. Mifuko mitatu hivi ya kilo 50, mchanga na kokoto, na siku moja ya fundi na msaidizi. Mchanga wanakijiji wanauchota wenyewe, kokoto wanagonga wenyewe ukiwaambia mapema. Watafiti nao wamelichukulia jambo hili kwa uzito: Kwale na Bungoma umefanywa mradi wa kuweka sakafu ngumu kwenye nyumba za udongo na kulinganisha na zisizowekwa, wakipima minyoo, funza na kuhara. Kwangu mimi, chumba cha kulala kwanza. Sebule isubiri, jiko lisubiri.

Na kuna utaratibu. Ukiweka saruji huku watu bado wamejaa funza miguuni, hujamaliza. Tibu kwanza kila mtu wa nyumba siku ileile, mpaka babu anayesema yeye hana. Mtibu mbwa. Watoe mbuzi chumbani, na kama wizi ndio hofu, banda lijengwe likishikana na ukuta wa nyumba ili mwenye mali asikie. Futa vumbi la juu lote, ulitoe mbali na ua, halafu ndipo fundi amwage zege. Mikeka ianikwe juani na kukung'utwa. Rudi baada ya wiki moja utazame miguu, rudi tena baada ya wiki nne, kwa sababu hapo ndipo mayai ya mwisho yatakuwa yameshakuwa viroboto. Kupulizia dawa ya wadudu peke yake juu ya udongo ninaona ni hasara, mabuu wako chini na walio ndani ya vifuko hawaguswi.

Asiye na saruji afanye haya: anyunyizie maji kabla ya kufagia, hata kikombe kimoja, asiache bonde la vumbi chini ya mkeka, alishindilie kwa udongo wa mfinyanzi uliolowa na kulisiriba hadi ligande. Kitanda cha kamba ni bora kuliko mkeka. Kutazama miguu ya watoto kila jioni kwenye mwanga mzuri ni bora kuliko dawa yoyote nitakayompa mtu akiwa amechelewa, maana funza wa siku mbili anatoka bila vita.

La mwisho, na nalisema kwa sababu wiki hii nimefunga tena mguu wa mtoto uliobabuka. Msipake mafuta ya taa. Msipake dawa ya kupe ya ng'ombe. Najua inaua funza, inaunguza ngozi pia na kupenya mwilini, na mtoto wa kilo kumi na mbili si ndama. Osha mguu kwa sabuni, paka mafuta ya nazi ulainike, usichimbe, mlete zahanati. Kama kuna usaha, harufu, au mguu umevimba hadi kifundo, mlete leo, usingoje siku ya soko, na ukifika uulize habari ya sindano ya pepopunda hata kama mimi nimesahau kuitaja.